Kichocho Kinachorudi Kila Mwaka, na Vikao Visivyozaa Kitu

SWALI: "Mimi ni afisa maendeleo ya jamii katika kata moja ya vijijini mkoani Shinyanga. Tuna lambo kubwa, na mvua zikishika watu wanalima mpunga kwenye majaruba. Kila mwaka watoto wa shule za msingi wanameza dawa za kichocho, na kila mwaka mwalimu wa afya analeta majina ya wanaokojoa damu. Mganga wa zahanati anasema watu hawasikii elimu. Mtu wa maji anasema kisima kipo, watu hawakitumii. Bwana shamba anasema kilimo cha mpunga hakiwezi kusimamishwa. Sasa nimeagizwa niunde timu ya wataalamu wa fani mbalimbali tulitazame tatizo kwa pamoja. Tumeshakaa vikao vitatu: kila mtu anasoma taarifa yake, tunakunywa soda, tunaondoka. Je, dawa zimeshindwa? Na hiyo timu inasaidia kweli, au ni maneno ya semina tu? Bajeti ni ndogo na watu wanauliza posho."

JIBU: Ndugu yangu, pole na kazi. Nimekaa vikao vya namna hiyo vingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na soda zake nazijua. Una wasiwasi kwamba dawa haifanyi kazi, na una wasiwasi mwingine ambao umeusema kwa adabu zaidi, kwamba unapotezewa muda. Nianze na dawa, kwa sababu ukishaelewa kwa nini ugonjwa unarudi, utajua mwenyewe nani anatakiwa kwenye timu na nani amekuja kunywa soda.

Dawa wanayomeza watoto ni prazikwanteli. Inaua minyoo iliyokomaa, na inaua vizuri. Ila minyoo michanga, iliyoingia mwilini wiki chache tu zilizopita, inaponyoka. Na dawa haimwachii mtoto kinga yoyote. Akimeza Jumatatu asubuhi na kuogelea lambo Jumatatu mchana, anaanza upya. Kugawa dawa bila kugusa maji ni kupiga deki huku paa linavuja. Deki lenyewe si bure, maana mtoto aliyemeza dawa anapunguziwa minyoo inayomwumiza kibofu na figo. Tatizo linakuja pale tunapotaka deki lizibe paa.

Kwenye lambo lenu mambo yanakwenda hivi. Mtu mwenye kichocho cha mkojo anakojoa majini au kando yake, na mkojo unabeba mayai. Yai likigusa maji yasiyo na chumvi linaanguliwa, na kijidudu kinachotoka kina saa chache tu za kumpata konokono. Tena hakitaki konokono yeyote. Kinataka wale wadogo ambao ukiwashika ncha ikitazama juu, mdomo wa gamba unaelekea kushoto. Kikimpata kinamwingia, na ndani yake kinaongezeka kwa wiki kadhaa mpaka kijidudu kimoja kinazaa maelfu. Maelfu hayo hutoka jua likiwa kali, hasa saa za mchana, na kuelea majini yakitafuta ngozi ya binadamu. Yakiipata, dakika chache zinatosha kupenya. Baada ya hapo minyoo inakomaa na kukaa kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu, inataga mayai kwa miaka, na mayai hayo ndiyo yanayokwaruza nyama mpaka damu inatoka.

Tazama mambo mawili katika maelezo hayo. Kwanza ni hesabu. Ikiwa yai moja linaweza kuzaa maelfu kupitia konokono mmoja, basi watu wachache wasiomeza dawa wanatosha kulichafua lambo zima. Na katika kata yenu wasiomeza si wachache: mama anayefua, baba anayepandikiza mpunga, kijana aliyeacha shule anayechunga ng'ombe, mtoto wa miaka mitatu anayeogeshwa pale pale. Mpango wa shule hauwagusi hao. Jambo la pili ni saa. Anayechota maji alfajiri yuko kwenye hatari ndogo kuliko anayefua saa sita mchana, ingawa lambo ni lile lile. Wewe unaposikia "watu wanatumia lambo", jiulize watu gani, saa ngapi, wakifanya nini.

Kuna na dhana ninayoisikia sana mikoa ya kanda ya ziwa, kwamba lambo likikauka ugonjwa umekwisha. Konokono wa malambo ya msimu hujichimbia kwenye tope na kulala kiangazi kizima. Mvua zikinyesha anaamka.

Kwa hiyo dawa zimeshindwa au hazijashindwa? Huhitaji kubishana, inapimika. Mwombe mtaalamu wa maabara, kwa kibali cha wilaya na ridhaa ya wazazi, apime mkojo wa darasa moja au mawili kabla ya dawa, kisha wiki sita baada ya dawa, kisha tena baada ya miezi sita au minane. Kama wiki ya sita mayai bado ni mengi, shida huenda iko kwenye dawa au kwenye umezaji: pengine vidonge vilitemwa, au walipewa pungufu. Kama wiki ya sita wengi ni safi na miezi minane baadaye wamerudi pale pale, dawa imefanya kazi yake na adui yuko majini. Mimi natarajia hali ya pili, lakini matarajio yangu yasichukue nafasi ya kipimo chako. Na angalia, kipimo hicho kimoja kimeshawalazimisha mtu wa maabara, mwalimu na wewe kufanya kazi moja. Hiyo ndiyo timu ya fani mbalimbali, na bado hamjakaa kikao cha nne.

Sasa nije kwenye kikao. Kosa lenu ni la kawaida mno, wala si la kwenu peke yenu. Mmewakusanya wataalamu, kila mmoja akaja na swali la ofisini kwake. Mganga anauliza wangapi wanaumwa. Mtu wa maji anauliza kisima kinatoa lita ngapi. Bwana shamba anauliza gunia ngapi kwa ekari. Kila mmoja ana jibu sahihi la swali lake, na mnyoo hauna habari na ofisi zenu. Unapita kwenye mkojo, konokono, mpunga na beseni la nguo bila kuomba kibali. Mnahitaji swali moja ambalo hakuna ofisi inayoweza kulijibu peke yake. Ningelisema hivi: mtoto wa darasa la nne anaupata wapi ugonjwa huu, saa ngapi, na kwa nini yuko pale saa hiyo? Mganga hawezi kulijibu bila mwalimu, mwalimu hawezi bila mama, mama anajua nusu, na nusu nyingine wanaijua watoto wenyewe.

Wewe uko Shinyanga, kwa hiyo mfano wa kilichotokea fani moja ilipopewa mkoa mzima mkononi hauko mbali. Wakati wa ukoloni wa Kiingereza, kuanzia miaka ya 1920, adui wa mkoa alikuwa mbung'o, anayeua ng'ombe na kuwaletea watu malale. Mtaalamu mkubwa wa wadudu, C.F.M. Swynnerton, aliweka kituo cha utafiti Shinyanga, na mojawapo ya njia zilizotumika ni kukata pori, kwa kuwa mbung'o hukaa kwenye vichaka na vivuli. Maelfu ya watu waliitwa kufyeka. Kwa swali la mtaalamu wa wadudu jibu lilikuwa sahihi: mbung'o walirudi nyuma. Lakini miti ilikwenda nao. Yakaongezeka mashamba ya pamba, mifugo mingi, baadaye na watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, mpaka mkoa ukaja kuitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ulipoanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao wazee wanaukumbuka kwa jina la HASHI, maofisa wa misitu walianza na vitalu na miche ya kupanda. Kilichokuja kuzaa zaidi ni ngitili, maeneo ya malisho ambayo Wasukuma walikuwa wakiyafunga masika ili ng'ombe wapate majani kiangazi. Mafundi wa misitu walikuja kukaa chini na wachungaji, na zaidi ya hekta laki tatu zikarudi kuwa na uoto. Mchungaji hakualikwa pale kwa heshima tu, alikuwa na ujuzi ambao mtu wa misitu hakuwa nao.

Kwa kichocho chenyewe mfano ninaoupenda ni wa Senegal, na unaanza na wahandisi. Mwaka 1986 bwawa la Diama lilikamilika karibu na mdomo wa mto Senegal ili maji ya chumvi yasipande na kilimo kistawi. Miaka michache tu baadaye, mji wa Richard Toll wenye mashamba ya miwa ulipata mlipuko wa kichocho cha tumbo ambacho hapo awali hakikuwepo. Maji yalikuwa yametulia na kupungua chumvi, konokono wakafurahi, na kamba wa mtoni ambao huwala konokono hao walizibiwa njia ya kwenda kuzaliana kwenye maji ya chumvi. Hakuna mhandisi aliyekusudia ugonjwa. Swali la konokono halikuwa kwenye meza yake. Baadaye watafiti wa mazingira, wa afya na wa kilimo waliungana kwenye vijiji vya bonde hilo, na mwaka 2023 walichapisha matokeo ya jambo ambalo bibi yako angeweza kulifikiria: waling'oa magugu ya majini wanamojificha konokono kwenye sehemu za kuchotea maji. Konokono walipungua, na watoto walioambukizwa upya baada ya dawa walikuwa pungufu. Magugu yenyewe yakawa mboji kwa vitunguu na pilipili, na chakula cha mifugo. Faida ya shamba ndiyo iliyompa mkulima sababu ya kuendelea kung'oa. Daktari peke yake asingeifikia hesabu hiyo.

Usikimbilie kuiga. Magugu yale ni ya kingo za mto na ziwa, na lambo lenu la msimu huenda halina kabisa. Tena anayeyang'oa anaingia kwenye maji yale yale, kwa hiyo bila buti na glavu ndefu unampeleka kuambukizwa.

Nisikufiche upande mwingine pia. Unguja na Pemba, kati ya mwaka 2011 na 2017, ulifanyika mradi mkubwa wa kujaribu kukitokomeza kichocho. Shehia zote zilipata dawa mara mbili kwa mwaka, watu wazima nao. Baadhi ziliongezewa kuua konokono kwa kemikali, na nyingine ziliongezewa mafunzo, michezo salama kwa watoto, sehemu za kufulia na vyoo vya kukojolea, vilivyobuniwa pamoja na wanajamii. Ungetegemea makundi yenye nyongeza yashinde wazi. Ugonjwa ulishuka kote, lakini mwishoni tofauti baina ya makundi haikujitokeza kama ilivyotarajiwa, na sehemu chache ziliendelea kuwa sugu. Mimi ninavyousoma mradi ule, dawa ikimfikia karibu kila mtu, watu wazima wakiwemo, inafanya kazi kubwa kuliko tunavyoipa sifa, na nyongeza inalipa zaidi pale pasugu. Kwa hiyo usiitawanye timu yako kata nzima. Tafuteni pale pasugu penu.

Na usidharau maneno ya watu. Mwaka 2008 huko Morogoro ugawaji wa dawa hizi mashuleni ulizua taharuki. Watoto walipata kizunguzungu na kutapika, uvumi ukaenea kwamba wamewekewa sumu, wazazi wakavamia shule na polisi wakaingia. Kitaalamu yale yalikuwa maudhi ya kawaida ya dawa, ambayo hupungua mtoto akila kwanza. Lakini wazazi hawakuwa wameelezwa kitu, na watoto wengine walimeza na njaa. Uji wa shule ulikuwa sehemu ya tiba, na mpishi alipaswa kuwa kwenye timu. Mganga wenu anayesema "watu hawasikii elimu" ningemwomba kwa upole aeleze ni elimu ipi. Kwenu bado wapo wanaoamini kijana wa kiume kukojoa damu ni dalili ya kukua, na mwenye imani hiyo hata ukimwonyesha bango hataenda zahanati, maana haoni ugonjwa.

Hali ni hiyo hiyo kwa kisima. Mtu wa maji anasema kipo. Nenda kaonje maji yake. Visima vingi vya ukanda ule vina chumvi, sabuni haitoi povu, na hakuna mwanamke mwenye akili atakayemaliza mche mzima wa sabuni kufua shuka mbili wakati lambo lina maji laini. Au ndoo inalipiwa, na kufua kunataka ndoo nane. Hapo elimu ya afya haina la kusema, bei ndiyo inayozungumza. Chombo cha watumia maji na RUWASA, wakala wa maji vijijini, wanaweza kuizungumzia bei hiyo, au kujenga karo la kufulia linalopokea kwa bomba maji ya lambo yaliyolazwa kwanza kwenye tangi siku mbili, ili vijidudu vife kabla maji hayajagusa mikono.

Hatua ya kwanza, basi, iwe hii. Chagueni siku moja ambayo si ya gulio, mwende lambo tangu alfajiri hadi jua linapozama: wewe, mwalimu, mtu wa maji, bwana shamba, ofisa mifugo, mama mmoja anayefua pale na wanafunzi wawili wa darasa la sita. Kaeni ukingoni na daftari moja. Mwandike kila anayeingia: rika, mwanamke au mwanamume, saa, kazi aliyoifuata, maji yamefika wapi mwilini. Msiwazuie wala kuwahubiria. Mtaona mambo ambayo hayamo kwenye taarifa ya mtu yeyote. Mimi niliwahi kukaa hivyo kando ya bwawa moja, nikiwa na hakika kwamba tatizo ni kuogelea. Jioni daftari lilionyesha kwamba waliokaa majini muda mrefu zaidi, tena mchana, walikuwa wasichana wanaosugua masufuria ya mama lishe wa gulioni. Hakuna aliyewahi kuwataja, nami nikiwemo.

Daftari likishajaa, mtakaa kikao cha nne mkiwa na kitu cha kubishania. Huenda mkaona jibu ni birika la kunyweshea ng'ombe nje ya uzio. Huenda ni choo karibu na majaruba, kwa sababu mtu anayeinama kwenye tope tangu saa moja hatatembea kilomita mbili kwenda kukojoa. Mpunga hauwezi kusimama, bwana shamba yuko sahihi kabisa, na kwa wakulima hao ulinzi wa kweli ni kupata dawa. Tangu mwaka 2022 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unapendekeza dawa kwa kila mtu kuanzia miaka miwili pale ambapo maambukizi yamefika asilimia 10 au zaidi, watu wazima wakiwemo, na wajawazito baada ya miezi mitatu ya kwanza. Mwulizeni mratibu wa wilaya wa magonjwa yaliyokuwa hayapewi kipaumbele kama kata yenu inaweza kuingizwa, na kama ratiba inaweza kusogezwa ili dawa itolewe maji yakishakauka. Ukimtibu mtoto mwanzo wa masika, umempa wiki chache tu za afueni.

Kuua konokono kwa kemikali msijaribu wenyewe. Dawa yake inaua samaki, na kwenye lambo ambalo mifugo inakunywa inataka wataalamu wenye kibali. Kama kipimo cha wiki ya sita kitaonyesha mayai mengi bado, hilo nalo si la kata. Pelekeni taarifa wilayani mara moja, na NIMR Mwanza, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, wana watafiti wa kichocho wanaoweza kuulizwa.

Wapo pia watu wasiopaswa kungoja timu yoyote. Anayekojoa damu, mtoto au mtu mzima, aende zahanati sasa. Mtu mzima anayeendelea kukojoa damu hata baada ya dawa apelekwe hospitali, kwa sababu kichocho cha miaka mingi kinaweza kuzaa saratani ya kibofu. Mwanamke anayetokwa damu baada ya tendo la ndoa, mwenye maumivu ya chini ya kitovu au uchafu usiokoma, ambaye ametibiwa magonjwa ya zinaa mara mbili tatu bila nafuu, aseme kwa mganga kwamba ameishi karibu na lambo. Kichocho hushambulia pia njia ya uzazi, na wanawake wengi wameaibishwa mbele ya waume zao kwa ugonjwa wa zinaa ambao hawakuwa nao. Mtu anayeona miguu inakufa ganzi au kukosa nguvu asilale nyumbani hata usiku mmoja. Na mwenye tumbo linalovimba au kutapika damu, hasa aliyeishi mwambao wa ziwa kwenye kichocho cha tumbo, vivyo hivyo.

Limebaki la posho. Siku ya lambo haina hati ya malipo, na ningependa ibaki hivyo, kwa sababu anayekuja bila posho ndiye utakayemtegemea Novemba, mvua zikianza. Nunua mihogo, chai na sukari ya watu wanane, uiandike kama matumizi ya mkutano wa jamii. Yule mama anayefua mlipe sabuni yake ya siku hiyo. Wengine wote, ukiwaacha wanafunzi, mna mshahara.